Bumba kwenye Kiyoyozi

Walikuja Jumapili, saa nne asubuhi,
kwa mngurumo kama wa jenereta la jirani
aliyekatiwa umeme.
Nilikuwa naanika. Nikaliona bumba
likipita juu ya tangi la maji,
likazunguka dishi, likasita,
kisha likamiminika
ndani ya sanduku la kiyoyozi,
kile kikubwa kinachopoza nyumba nzima.

Wifi yangu Shinuna akatoka na mkebe wa dawa ya mende.
Nikamshika mkono.
Sikuwa nimemgusa
tangu arubaini ya mama yao,
tangu yale maneno ya bangili.

Husemwa, fuata nyuki ule asali.
Hakuna aliyetwambia afanyeje
mtu aliyefuatwa.

Baladia walisema, piga kesho.
Kesho wakasema, piga namba nyingine.
Namba nyingine ikalia mpaka ikachoka.
Mume wangu Azan akazima swichi kubwa:
"Feni ikizunguka itawasaga."
Na mwezi wa tano hapa Alkhudh hauna simile,
maji ya bomba la baridi hayashikiki,
ukuta unaurudisha usiku
moto uliokopa mchana.

Kilibaki chumba kimoja chenye mashine yake,
ya dirishani, kuukuu, inayokohoa:
chumba cha marehemu.
Ufunguo alikuwa nao Shinuna.
Hakuna aliyemwomba.
Magharibi ile aliuweka mezani,
kando ya kisahani cha tende, bila neno.

Tukalala humo watu tisa.
Shuka katikati, limefungwa kabatini na dirishani,
wanawake na watoto huku, wanaume kule,
Azan na kaka yake Muhanna
mgongo kwa mgongo,
wao waliokuwa wakitumiana salamu za Idi kwa simu
kutoka ghorofa ya chini hadi ya juu.

Usiku wa pili mtoto akauliza gizani:
"Nyuki nao wana kiyoyozi?"
Kimya.
Kisha Muhanna, nyuma ya shuka:
"Wanapepea kwa mbawa. Kwa zamu."
"Na asiyetaka zamu yake?"
Muhanna hakujibu,
ila nilimsikia Shinuna akicheka puani.

Usiku wa tatu akanong'ona, uso ukutani:
"Bangili zimo katika kopo la kahawa.
Mama aliziweka mwenyewe.
Nilizikuta Ramadhani,
nikaona haya."
Nilijifanya nimelala.
Nikaendelea kujifanya mpaka alfajiri.

Siku ya nne, baada ya Isha, akaja kijana wa Rustaki,
Hilal, glavu imeshonwa kidole kwa uzi mwekundu.
Akawasha kumvi za mtende kwenye bomba la moshi,
akafungua bati kwa bisbisi.
Masega matatu, meupe,
membamba kama kucha za mtoto mchanga.
"Asali hamna. Ndiyo kwanza wanahamia."
Alisema hivyo kwa huruma,
sijui kwao au kwetu.
Malkia akamtia kijisanduku cha kiasi cha kibiriti,
na waliobaki wakamfuata
kwa miguu, bila kusukumana.
Alitaka riali kumi na tano.
Akapewa kumi na mbili na chai.

Azan akarudisha swichi.
Kwa saa moja nyumba ikawa baridi,
magodoro yakapanda ngazi,
milango ikafungwa, mmoja, mwingine, mwingine.
Shinuna akaanza kufungua fundo la shuka.
"Liache kwanza," nikamwambia.

Asubuhi nyuki kumi hivi, labda kumi na wawili,
waliolala nje wasijue habari za kuhama,
walikuwa wanaligonga sanduku lililofungwa.
Shinuna akawawekea maji katika kifuniko,
na kokoto mbili wasije wakazama.
Mimi nikateleka birika.
Kopo alilishika yeye.
Alipochota, kijiko kikagonga kitu kigumu.
Hakuna aliyeinua macho.
Kahawa ilitoka kali.
Tukanywa.