Honi ya Kumi na Nne

Siku ya kwanza alitosha katika kapu la vitambaa vyangu.
Nikampima kwa utepe, pua hadi mkia: inchi kumi na moja.
Masikio, inchi tano, na bado yanaburura.
Nikamwambia Wakesho: aliyemshona huyu
kitambaa kilimzidi, akaona haya kukata.

"Koka spanieli," Wakesho akanisahihisha.
Miaka saba, jino la mbele hana, na jina zima analo.
Mimi niliona rangi tu.
Akawa Tangawizi.

Mwaka ule alitafuna kiatu cha shule, cha kushoto,
pindo la sare ya mtoto wa watu,
na nusu ya daftari langu la wadeni, kuanzia herufi M.
Akina Mwachofi hawajanilipa hadi leo.

Usiku wa kufunga mwaka meli za Kilindini zikapiga honi,
zote kwa pamoja, madirisha ya Tudor yakatetemeka,
naye akajibanza chini ya cherehani, akakojolea pedali.
Nilikaa naye sakafuni mpaka ya mwisho iliponyamaza.
Tangu hapo umri wake sikuuhesabu kwa miaka.

Honi ya tatu ilikuwa ya masikio.
Joto la Machi, kuta zinatoka jasho,
na kila akiinamia maji, masikio yalitangulia kunywa.
Yakanuka hamira.
Daktari wa mifugo, mtu wa ng'ombe na mbuzi,
aliinua moja kwa vidole viwili, kama anayefunua sufuria ya jirani,
akasema: hapa panataka hewa.
Nikakata ncha ya soksi ya shule, ile iliyopoteza mwenzake,
nikawa namvika kichwani kila akila.
Basi akala wali na omena amejifunga ushungi,
heshima tele, mpaka sahani ikaisha.

Bi Maimuna wa ghorofa ya juu hakumgusa hata siku moja.
Wakipishana ngazini alikusanya buibui lake mkononi.
Lakini kila Ijumaa alimtuma mjukuu na mifupa ya pilau:
"Bakuli usinirejeshee."
Nina mabakuli thelathini na mawili.

Honi nyingine zilipita bila sababu ya kukumbukwa.
Kupe baada ya mvua, mmoja mmoja, kopo la mafuta ya taa.
Manyoya yaliyosokotana kwapani, nikiyakata kwa mkasi
niliouapia kwamba hautakata ila kitambaa.
Maji ya mkokoteni, dumu shilingi arobaini:
kwanza mbwa, kisha sakafu, kisha choo.
Na unene. Nani angeyakatalia macho yale?
Mimi. Niliyakatalia.
Mara nyingine.

Honi ya kumi na mbili Wakesho alikuwa Doha.
Aliyemtaka ni yeye, niliyebaki naye ni mimi.
Akipiga simu husema: mpe.
Nami nainua sikio kama pazia, naweka simu chini yake.

Sasa macho yana rangi ya maji ya kuoshea mchele.
Chini ya ngozi kuna vinundu laini, navijua kwa idadi,
kama vifungo gizani.
Namshusha mikononi, ngazi kumi na nane,
goti langu likihesabu nami.
Usiku hukojoa palepale alipolala, akaamka na aibu.
Natandua kanga, natandika kanga,
habari hiyo hatuizungumzi.

Jana meli zilipiga honi.
Madirisha yakatetemeka, mtoto wa jirani akalia.
Yeye chini ya cherehani alilala tu, mguu mmoja ukikimbia ndotoni.
Mimi ndiye niliyeshuka sakafuni.
Nikaweka kiganja ubavuni mwake, honi ikapita
kutoka sakafuni hadi mbavuni hadi kwangu,
naye akapiga mkia mara moja, macho yamefumba,
kama mtu anayeitikia hodi usingizini.

Simu ikaita. Mpe, akasema Wakesho.
Hasikii tena, mwanangu. Hilo sijamwambia.
Nikainua sikio.