Kabla ya Kufuta

Februari, Mestia. Umeme umekatika mara mbili tangu chajio
na Darejan amekaa na koti lake, glavu zimekatwa vidole,
mbele ya kioo cheusi na kishale kinachopepesa.
Hapa hakuna picha za kubofya.
Kuna mstari tu, unangoja neno.

Diski imejaa hadi kooni:
misimu kumi na tisa ya theluji,
kina chake, joto lake, upepo wa mlimani kila dakika kumi.

Mwaka wake wa kwanza kazini
aliandika amri mbili kwa pumzi moja:
bana, kisha futa.
Kati yake aliweka nukta-mkato,
kialama kisichouliza swali.
Nafasi ikaisha katikati ya kubana.
Amri ya kwanza ilikufa njiani,
ya pili ikafika kwa wakati, ikatimiza ilivyotumwa.
Asubuhi Vianor, mkuu wa kituo, alikuta faili moja
iliyokatwa mkia,
na msimu mzima haupo.
Hakumgombeza. Alimimina chai, akakaa, akasema,
"Hata poromoko huacha kifusi."

Siku hizi, kati ya amri na amri, anaweka "na" mbili,
zile zinazosema: kama tu mwenzangu amefaulu.
Na bado haziamini.
Anauliza kwanza nafasi iliyobaki.
Anabana, asili ikikaa palepale haijaguswa.
Anaujaribu mzigo bila kuufungua,
kama mtu anayetikisa yai karibu na sikio.
Halafu ile alama ya utambulisho, herufi sitini na nne,
anailinganisha na ya nakala iliyoko Tbilisi,
kidole juu ya kioo, midomo ikicheza.

Kufungua nako kumemfunza.
Kuna kijana wa Kutaisi alituma kifurushi kisicho na folda;
akakifumua palepale alipokuwa amesimama,
zikamwagika faili elfu sita nyumbani mwake,
na moja, iliyoitwa "maelezo",
ikalalia maelezo yake mwenyewe ya miaka minne.
Tangu hapo huorodhesha kwanza. Husoma majina.
Jina linaloanza na mkwaju linataka kwenda shinani mwa mashine;
lenye nukta mbili mbili linapanda ngazi kurudi juu, kimyakimya.
Kifurushi chepesi mno humtia shaka zaidi:
anaishi na milima,
anajua kinachoweza kutoka kwenye kitu kidogo kilichotulia.
Basi hutengeneza chumba kitupu,
na mgeni hufunguliwa humo.

Kunja ina kunjua. Ziba ina zibua.
Bana, banua; fumba, fumbua.
Karibu kila kazi ya mikono lugha imeiachia mlango wa nyuma.
Nimeutafuta mlango wa futa.
Futua ipo, lakini ni kazi nyingine,
haikirudishi kilichofutwa.

Saa nane na dakika arobaini. Amejaribu, amelinganisha.
Mashine haijasema kitu.
Kwenye mstari wa amri, ukimya ndiyo ndiyo.
(Mlimani ukimya una maana yake; usiku huu hataki kuifikiria.)
Anasoma amri ya kufuta kutoka mwisho kwenda mwanzo,
anatafuta nafasi tupu iliyojipenyeza pasipo pake.
Anabonyeza.
Diski inashusha pumzi.

Halafu, kama kila mwaka akimaliza,
anaiita ile faili iliyokatwa mkia.
Hajaifuta. Haitafutwa.
Mashine inalalamika, mwisho umekuja kabla ya mwisho,
lakini inatoa ilicho nacho,
Novemba yote, Desemba yote, siku tisa za Januari,
na Darejan anasoma kwa sauti ofisini peke yake
mpaka saa kumi alfajiri ya siku ile:
hasi kumi na moja,
hasi kumi na mbili,
hasi kumi na