Namba Mbili

Mimi sikuwa mpigaji. Iandikwe hivyo.
Mpigaji alikuwa Lokiru wa Kaabong,
mabega kama mlango wa ghala.
Mimi nilikuwa Namba Mbili:
mkono wa kushoto unaolisha mkanda,
jicho linalosema shusha kidogo, kulia vidole viwili,
mgongo wa risasi mia tano
na mtutu wa akiba ndani ya gunia la kahawa.

Sajini Byenkya alitufundisha Singo, vumbini:
Bombomu hii ndiyo seksheni.
Ninyi wengine ni miguu yake,
ni wachukuzi wa chakula chake.
Mkipoteza kijana, nitaandika barua.
Mkipoteza bombomu, msirudi.
Tulicheka. Yeye hakucheka.

Akatupa na kipimo:
finya, useme posho na maharagwe, achia.
Finya, useme posho na maharagwe, achia.
Anayefinya bila kusema ni mlafi,
atachemsha chuma abaki na fimbo.
Lokiru hakujua Kiswahili miezi ile.
Alianza na posho na maharagwe,
nami, Mlugbara, nikamwongezea moja moja:
maji, mkanda, ngoja, bado,
kila neno kwenye pingili yake,
hadi tukawa na lugha ya kutosha kuua
na kuazimana sabuni.

Usiku wa kuamkia mto Pager
mpishi aliniomba glovu.
Sufuria ilikuwa kubwa, vishikio vyake moto,
na tumbo zetu zilikuwa na siku mbili.
Nikampa. Nani angekataa?
Ile glovu nene ya kubadilishia mtutu,
maana kishikio cha mtutu wetu kilivunjika tangu Singo
na fomu ya kuomba kingine ilikuwa bado inashughulikiwa.

Alfajiri. Wenzetu tisa majini hadi kifuani,
bunduki juu ya vichwa kama akina mama na kuni.
Walikuwa wanavuka juu ya kelele yetu,
daraja lao lilikuwa hilo tu.
Ng'ambo hakuna aliyeinua kichwa, kwa sababu Lokiru alisema
posho na maharagwe,
posho na maharagwe,
na nyasi zikakatika kwa urefu mmoja.

Kisha mtutu ukawa mwekundu kama ulimi wa mgonjwa.
Nikapapasa mkoba. Nikapapasa tena.
Glovu ilikuwa maili moja nyuma,
imeshika sufuria.

Kubadilisha mtutu ni sekunde nane, ukiwa na glovu.
Mimi nilitumia shati, kisha kiganja.
Sikuhesabu.
Lokiru hakunitukana,
alinyoosha shingo tu, akatazama maji.
Niliyasikia yote: ndege mmoja, mto,
ngozi yangu ikichomeka,
na Mwondha, katikati ya mto, akiniita.
Si kwa jina. "Namba Mbili!" aliita,
kama mtu anayeuliza nani amezima taa.

Wanane walifika ng'ambo.

Sajini aliandika barua. Niliiona mezani.
Ilisema ushujaa mara tatu.
Haikutaja glovu.

Sasa nashona Arua, nyuma ya soko.
Mkono wa kushoto unalisha kitambaa,
cherehani inasema isemayo.
Sindano ikikatika, vidole hubadilisha kabla sijafikiri,
na wateja hucheka: fundi, unakimbizwa na nani?
Kovu limekunja kiganja,
siku za mvua hakishiki uzi.

Juzi shule ya bweni imeagiza glovu za jikoni,
jozi kumi na mbili, nene, za masufuria makubwa.
Nimeshona kumi na tatu.

Jioni Candiru huniita nile.
Maharagwe yapo, husema, nikupikie nini nayo?
Mihogo, nasema. Siku nyingine nasema wali.
Miaka kumi na tisa,
na unga wa mahindi huukorogea watoto peke yao,
mimi nikiwa nje, nafunga milango ya kibanda
ambayo tayari imefungwa.