Siku Ishirini na Tisa na Nusu

Kirumba, ghorofa ya pili, dirisha linatazama mwalo.
Korongo wawili wamesimama kwenye bati la jirani
kama wakaguzi ambao hawajaambiwa wakague nini.
Naandika mstari mmoja wa JavaScript,
wa kukipa kidakuzi siku yake ya kufa.

Usipokipa siku, hakina kesho:
mtu akifunga kivinjari, nacho kimekwisha,
jina lililoandikwa kwa kidole juu ya unga.
Ukikipa, kitakungoja. Ndio utumishi wake wote.

Wiki iliyopita nilisahau kuzidisha kwa elfu.
Mashine haihesabu sekunde, huhesabu vumbi la sekunde,
nami nikaipa themanini na sita elfu na mia nne
nikidhani nimeipa kutwa na kucha.
Ilikuwa dakika moja na nusu, pungufu kidogo.
Wanunuzi wa dagaa wa Geita, wa Kahama, wa Bukavu
wakajaza vikapu, wakageuka kupokea simu,
wakarudi wakakuta vitupu
na tovuti ikiwauliza: Wewe nani?
Nilitukanwa kwa lugha nne. Kisukuma ndicho kilichouma.

Leo amekuja Mbuke, mwenye duka.
Hakuketi.
"Kila asubuhi nikiwasha ile kompyuta
inasema, Karibu tena, Lugoye.
Lugoye yuko Musoma mwaka wa pili huu,
ana mke, ana kibanda cha simu.
Nani aliiambia mashine iendelee kumngoja?"

Mimi.
Niliandika siku elfu tatu mia sita na hamsini,
kwa uvivu tu, kama watu wasemavyo milele;
na siku ile walisimama wawili nyuma ya kiti changu
wakilishana karanga.

Hakuna amri ya kufuta.
Kuna kudanganya tarehe:
unakiambia kidakuzi, muda wako uliisha
Alhamisi, Januari mosi, mwaka wa sabini,
saa sita usiku ya Greenwich, saa tisa ya kwetu,
Lugoye hajazaliwa, Mbuke hajazaliwa, karanga hazijapandwa;
na kivinjari, kwa utiifu, kinakizika.

Nikaandika. Nikafungua upya.
Karibu tena, Lugoye.
Mbuke akanitazama kama aliyeuziwa dagaa wa mchanga.

Njia. Nilikosea njia.
Kitu ukitaka kukisahau
sharti ukiite kwa jina lile lile
na ukifuate kwa njia ile ile uliyokiwekea;
ukiacha mkwaju mmoja
umefukia kaburi tupu, na mwenyewe yuko sebuleni.
Nikarudisha mkwaju.
Karibu, ikasema. Basi. Na nukta.

Hapo akavuta kiti.
"Na mimi? Kitanikumbuka mpaka lini?"
Nikamwambia wengi huweka thelathini.
"Thelathini ni mwezi wa mshahara. Dagaa hawaujui.
Niwekee giza hadi giza.
Mbalamwezi ikiwaka, karabai zetu hazivuti kitu,
tunashona nyavu, tunadaiana.
Giza likirudi na kikaniuliza mimi nani, nitakijibu.
Huenda jibu likawa jingine."

Siku ishirini na tisa na nusu.
Sekunde milioni mbili, laki tano,
elfu arobaini na nane na mia nane.
Nikazihesabu mara mbili, na elfu yake safari hii.

Aliacha kikombe cha dagaa juu ya meza, ndio malipo.
Mlangoni akasita, mkono kwenye kitasa.
"Kule Musoma, kwenye kompyuta yake...
mimi bado nipo?"

Nikasema sijui.
Nikasema kule mkono wangu haufiki;
kila kidakuzi hufia kwenye mashine yake.