Rasimu ya Tatu ya Barua ya Shukrani

Kwa Meneja,
kiwanda cha magodoro, Moshi.
Yah: ada ya muhula wa pili.

Rasimu ya kwanza nilianza na "natumaini hujambo".
Mwalimu Mkufya akaipitisha wino mwekundu:
kampuni haiumwi, akasema, anza na shukrani.

Basi nashukuru.
Kwa ada, kwa madaftari makubwa kumi na mawili,
kwa godoro la inchi nne lenye nembo yenu
lililofanya bweni zima liniite Mama Sponji.
Nashukuru kwa ile hundi ya kadibodi, ndefu kuliko mimi,
tuliyoishika pale uwanjani, wewe ncha yako, mimi yangu,
mpiga picha akisema chekeni, nasi tukacheka,
mlima nyuma yetu umejifunika gubigubi
kama mtu asiyetaka kuhusishwa.

Jina mlilikosea. Mliandika Aikaluwa.
Sikusema kitu. Kwetu jina hilo, likiandikwa sawasawa,
ni asante kwa Mungu;
nimekuwa nikishukuru tangu nabatizwa.

Hundi iko nyumbani, Pasua.
Mama aliichomeka chini ya bati, juu ya kitanda cha Elirehema,
pale panapovuja.
Masika haya sifuri zimeanza kuchuruzika,
ya mwisho kwanza, kisha ya kabla yake.

Elirehema ni pacha wangu.
Alinizidi hesabu, nikamzidi Kiswahili,
nikamzidi jumla kwa alama mbili.
Fomu yenu ilisema: kila kaya, mtoto mmoja.
Siku ile ile alikwenda Mbuyuni kukodi toroli.

Kuna jambo sikuliandika muhula uliopita.
Januari, mama amelazwa, shule zilipofunguliwa sikurudi.
Nilikaa Kiboriloni nikiuza karanga.
Barua yenu ikanifikia huko huko:
"utoro ni sababu tosha ya kusitisha ufadhili."
Karatasi ilikuwa nzuri, nzito.
Niliisoma mara mbili, nikaikata vipande,
nikafungia karanga za mia mia.

Jioni Elirehema alinunua fungu moja.
Alitafuna, akafungua kikaratasi, akasoma nusu sentensi.
Hakuuliza nusu nyingine.
Alfajiri nilikuta sanduku langu juu ya toroli,
godoro limekunjwa, limefungwa kamba ya katani.
Alisukuma kutoka Pasua hadi Kibosho, mwinuko mtupu,
mimi nyuma nikisukuma na kulia,
yeye hasemi, anahema tu.
Getini mlinzi akauliza, huu nini?
Akajibu: mzigo. Umeshalipiwa. Nimeleta.

Sasa kila Jumapili ya kutembelewa
huja na ndizi mbivu, na kipande cha mkaa mfukoni.
Tunakaa nyuma ya jiko la shule.
Namweleza ya wiki nne; ananikosoa
kwa mkaa, kwenye mfuko wa saruji uliopasuliwa.
Milinganyo anayoimaliza yeye
mimi huinakili usiku, ndipo naielewa.

Kwa hiyo, ukurasa wa pili wa fomu yenu,
penye "idadi ya wanufaika",
niliandika moja. Naomba kurekebisha.
Wawili.
Sidai ada ya pili. Nasahihisha hesabu tu.

Mwalimu atayakata haya yote, najua,
na rasimu ya nne itakuwa mistari sita yenye heshima.
Hii naihifadhi ndani ya foronya.

Wako mtiifu,
Aikaruwa.
Kwa r.