Kadi ya Mgonjwa

Nililiokota Jumanne, baada ya upepo wa kaskazini,
pale ambapo meli za serikali hutapika mchanga
zilioufyonza kwenye sakafu ya bahari
ili Uholanzi isizame.
Jeusi. Zito kuliko ukubwa wake.
Nilidhani kokwa, nikadhani kipande cha lami,
kisha kidole gumba kikaona kabla ya macho:
hapa taji, hapa shingo, hapa mizizi miwili,
mmoja umevunjika.

Miaka arobaini na mmoja nilitengeneza meno ya bandia
katika chumba cha nyuma, huko Scheveningen,
nikibishana kimyakimya na methali
kwamba jino la pembe si dawa ya pengo.
Makarani, mapadri, dereva wa tramu aliyepigwa ngumi:
wote niliwaziba.
Methali haikushindwa. Lakini walikula tufaha.

Basi jino kwangu si jiwe.
Naliuliza: ulikuwa unatafuna nini?

Jikoni nililisuuza, nikaligonga
kwenye jino langu mwenyewe la mbele.
Likalia kama kikombe cha kaure.
Mfupa mbichi haulii hivyo.
Nikaulamba mzizi (Hanneke, angekuwa hai, angenifukuza),
ukanata ulimini, chumvi na kutu.

Nikatoa kadi ya mgonjwa, mojawapo ya zilizobaki,
nikajaza kwa mazoea.
Jina: sijui.
Umri: mkubwa. Ncha imelika ikawa bapa.
Malalamiko: ufa upande wa nje, wa zamani,
kingo zake zimelainika. Aliendelea kulitumia.
Aina: mbwa.
Nikafuta. Mbwa ana wembe; hii ni nyundo.
Sili? Sili humeza.
Nguruwe? Nguruwe ana vilimavilima.
Nikaandika dubu, kwa penseli,
kwa mwandiko wa mtu anayenong'ona.

Jumamosi nikapanda treni hadi Rotterdam,
jino limelala kwenye pamba
ndani ya kikopo cha peremende za kikohozi.
Makumbusho kulikuwa na foleni:
mvulana na mfupa wa paja la mamothi
uliomtoa baba yake jasho;
mama mwenye jiwe, akaambiwa ni jiwe,
akalirudisha mfukoni kwa heshima ileile.

Marijn Oudshoorn, kucha zenye wino,
hakusema neno. Aliligeuza mara mbili,
akavuta droo ya tatu.
Mlikuwa na mengine saba,
yamefanana kama ndugu wa tumbo moja.
"Fisi," akasema. "Gego la mbele, taya la chini, kushoto."
"Fisi? Kwetu?"
"Bahari haikuwapo. Kulikuwa na nyasi, na mto, na baridi.
Angefika Uingereza kwa miguu."

Nikacheka, kisha nikaona haya.
Nilikuwa namtafuta mkubwa wa kujivunia,
nikaletewa mla mabaki,
yule anayechekwa na wote
mpaka giza liingie.

"Ona," nikamwambia, maana sasa zamu ilikuwa yangu,
"ufa huu ulimuuma. Na hapa palivyolika kimshazari:
alijifunza kuinamisha taya.
Alikuwa mzee. Nadhani yuko mwenzake
aliyemwachia sehemu laini."
Akainama, akatazama kwa kioo cha kukuzia, kwa muda mrefu.
"Ufa nitauandika," akasema.
"Huyo mwenzake siwezi."
"Najua," nikasema.

Usiku nililitengenezea nakala ya plasta.
Mikono ilikumbuka kipimo cha maji, mimi nilikuwa nimesahau.
Sasa yako dirishani, jeusi na jeupe.
Pengo lenyewe liko huko chini bado,
kwenye taya fulani, chini ya meli,
na mimi niliyezoea vinywa visivyo na meno
nina jino, sina kinywa.

Kwenye kadi nimeandika: fisi.
Penye jina nimepaacha.
Penye miadi ijayo, nimeandika Jumanne.