Anayekohoa Kwanza

Tamthilia ile niliinunua kwa Nachundu,
buku mbili, imejaa kwenye flashi.
Yeye ndiye anayeitia Kiswahili, peke yake,
chumbani nyuma ya ghala la ufuta,
godoro limeegeshwa dirishani kuzuia majogoo.

Wapelelezi, dunia mbili, mpaka usioonekana.
Kila mtu wa huku ana mwenzake kule:
sura moja, kovu moja, jina moja,
ila siku fulani waliachana njia.
Na Nachundu ana sauti moja tu.
Basi akaweka kanuni: wa huku anasema moja kwa moja,
wa kule anakohoa kwanza.

Nilicheka. Usiku wa tatu sikucheka tena.

Maana Nachingwea nayo ina mshono wake.
Wageni walitaka karanga, wakatandika reli,
karanga zikagoma, reli ikang'olewa,
likabaki tuta linaloota upupu
na kipande kimoja kinachoning'inia shuleni
ninapofundisha darasa la tatu.
Tunakigonga saa moja na nusu, watoto wanakimbia.
Chuma kile hakijaambiwa kwamba sasa ni kengele.
Kule, niliwaza, bado kinabeba magurudumu.

Kule, usiku ule wa masika,
mdogo wangu Nampoto hakulazwa nyuma ya pikapu,
turubai juu, homa ndani,
tope limemeza matairi, Ndanda bado mbali.
Kule walimpakia kwenye kiberenge,
alfajiri akachomwa sindano Mtwara,
na leo ana kitambi, anapuliza filimbi stesheni,
anawafokea abiria wanaopanda na mbuzi.

Sehemu ya kumi flashi ikakwama.
"Mwisho sijautafsiri," akasema Nachundu,
"umeme unanikatia maneno."
Nikarudi nyumbani sina mwisho.

Alikuja Alhamisi, mtaa mzima giza.
Nilikuwa uani naanua kanga.
Akakohoa.
Kovu la jembe kifundoni, lilelile.
Kifuani kitambulisho cha shirika la reli,
jina langu, na picha yangu
nikiwa nimenyoosha nywele, jambo nisilowahi kufanya.

"Nampoto?" nikauliza, hata karibu sijasema.
"Mzima. Anakoroma, majirani wanalalamika."
Nikakaa juu ya ndoo.

Yeye hakunitazama. Alikuwa anasikiliza ndani,
Mchopa anapapasa kutafuta kiberiti
huku akiimba, na kuimba hajui.
"Yule nani?"
"Mume wangu. Ndiye aliyesukuma pikapu usiku ule.
Alitokea shambani, hatumjui hatujui kwao,
akaingia topeni hadi kiunoni,
akasukuma mpaka kukakucha,
na kulipokucha akanisaidia
kumfumba mtoto macho."

Alikaa kimya muda mrefu.
"Kwetu treni haikwami," akasema.
Akarudia, polepole, kama anayesoma hati ya deni:
"Kwetu treni haikwami kamwe."

Kwenye tamthilia hapa ndipo mtu hutoa sumu,
au pasi ya bandia, au wakabadilishana makoti.
Sisi tulikunja kanga.
Yeye pindo lile, mimi pindo hili,
tukasogeleana, tukarudi nyuma, tukasogeleana,
mpaka vidole vikakutana
na kwa kitambo sikujua vipi ni vyangu.

Akachomoa tiketi, akaiweka juu ya nguo zilizokunjwa.
Nachingwea kwenda Mtwara. Kwenda tu.
Ilinuka dizeli na machungwa.

Shuleni, usiku ule, sijui nani,
mtu akagonga chuma mara moja.

Ndani kiberiti kikawaka.
Mlango ukaonyesha mstari wa njano chini.
"Uko na nani huko nje?" Mchopa akauliza.

Nikakohoa kwanza.